Geji ya joto: mshale mdogo wenye historia ndefu

Baridi imeanza kulegea na wazee wa mtaani kwetu wameanza kufungua vibanda vyao na kutoa magari ya zamani waliyoyafunika tangu mwezi wa kumi. Wale mnaosoma hapa mara kwa mara mnamfahamu jirani yangu, mzee wa miaka sabini na ushee, mwenye MGB ya mwaka 1965. Gari lenyewe lilitengenezwa Abingdon, mji mdogo karibu na hapa Oxford, kwenye kiwanda cha MG kilichofungwa mwaka 1980. Za aina hiyo zilitengenezwa zaidi ya laki tano, kuanzia 1962 mpaka mwaka huo wa kufunga, kwa hiyo si kitu adimu kama mnavyodhani mkiona picha. Ila ni gari zuri, hilo sibishani na mtu.

Leo sitaandika habari za gari zima. Nitaandika habari za kitu kimoja tu kilichomo ndani yake, duara lisilozidi mdomo wa kikombe cha kahawa: geji ya joto la maji. Iliharibika, nikaitengeneza, na katika kuitengeneza nikajikuta nashika historia ya watu wengi ambao wala hawakuwa na habari na magari. Kuna na sababu ya pili ya kuandika, inayotuhusu sisi wenyewe. Nitaifikia huko mbele.

Kwanza tuelewane kuhusu joto. Injini ya petroli si hodari kama inavyojisifu. Mafuta unayonunua kwa shida, sehemu ndogo tu ndiyo inayosukuma magurudumu. Nyingine hutoka na moshi, na kama theluthi moja huishia kwenye maji ya rejeta. Maji yale yasipoutua mzigo wake, chuma kinapanuka, gasketi inaungua, silinda hedi inapinda, na baada ya hapo mnaanza kuchangishana. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza dereva alihitaji kujua maji yana hali gani, na kwa miaka mingi hakuwa na njia ya kujua isipokuwa kusubiri mvuke utoke kwenye kifuniko.

Ford Model T, lile gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kuuzwa zaidi ya milioni kumi na tano, halikuwa na geji ya joto kabisa. Tena karibu yote, ukiacha yale ya mwanzo kabisa, hayakuwa hata na pampu ya maji. Maji yalizunguka yenyewe: ya moto hupanda juu, ya baridi hushuka chini, kama uji unavyojigeuza sufuriani. Ni mpango mzuri kwenye barabara tambarare. Mlimani, ukiwa na abiria na mizigo, dereva alijua gari limechemsha pale alipoacha kuona mbele.

Hapo ndipo akatokea Mmarekani mmoja, Harrison Boyce, na kampuni yake ya Moto-Meter iliyoanzishwa New York mwaka 1912. Dawa yake ilikuwa rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hakuna aliyeifikiria kabla. Alichukua kipimajoto cha kioo, chenye kimiminika chekundu, akakipachika kwenye kifuniko cha rejeta. Enzi hizo rejeta ilikaa mbele kabisa nje ya gari, na kifuniko kilisimama juu yake mbele ya macho ya dereva. Basi dereva akawa anaendesha huku anaangalia dirisha dogo la duara pale mbele, na mstari mwekundu unapanda na kushuka. Ncha ya kipimajoto haikuzama kwenye maji. Ilining'inia juu yake, kwenye mvuke. Hilo lilikuwa na maana yake: hata maji yakipungua, mvuke wa moto bado uliifikia ncha ile na mstari ukapanda. Kumbukeni jambo hilo, tutarudi kwake.

Moto-Meter zikawa pambo. Watu waliziwekea mabawa, sanamu, nembo za klabu zao. Wezi nao wakazipenda, hadi vikaanza kuuzwa vifuniko vyenye kufuli. Leo hii ukienda kwenye minada ya vitu vya kale huku utazikuta zimepangwa mezani, nyingine kioo kimepasuka, na bei yake haifanani na ukubwa wake. Kilichoziua ni mitindo tu. Kufikia miaka ya 1930 rejeta ilifichwa nyuma ya wavu na kifuniko kikaingia chini ya boneti. Kipimajoto kikawa hakionekani tena. Ikabidi joto lenyewe lisafiri mpaka kwenye dashibodi.

Na hapa ndipo panaponifurahisha mimi, kwa sababu vitu vilivyohitajika kulisafirisha vilikuwa vimeshavumbuliwa na watu wengine kwa shughuli nyingine kabisa.

Cha kwanza ni bomba la Mfaransa Eugène Bourdon. Mwaka 1849 huko Paris alisajili kipimio chake cha shinikizo la mvuke. Inaelezwa kwamba mafundi wake walikuwa wanakunja bomba la mashine ya mvuke, likabanwa likawa bapa. Akaamua kulirudisha kwenye umbo lake kwa kusukumia maji ndani kwa nguvu. Bomba lilipoanza kurudi kuwa duara, likaanza pia kujikunjua. Mwingine angetukana na kuendelea na kazi. Yeye akaona kwamba amepata kipimio: shinikizo likizidi bomba linanyooka, likipungua linajikunja tena. Mmewahi kuona kile kidude cha karatasi kilichojiviringa ambacho watoto wanakipuliza kwenye sherehe za kuzaliwa, kinanyooka na kulia? Ndiyo akili hiyo hiyo, ila ya Bourdon ni ya chuma na haina kelele. Ncha ya bomba inavuta vigurudumu viwili vitatu, na mshale unazunguka. Aliyewahi kuingia kwenye jumba la makumbusho la reli pale Nairobi ameona kazi ya Bourdon bila kujua: zile geji kubwa za mvuke kwenye vichwa vya treni za zamani ndani yake mna bomba lililokunjwa hivyo hivyo.

Cha pili ni etha. Ni kimiminika chepesi, chenye harufu tamu inayopanda kichwani, na kinachemka kwenye nyuzi 34.6 za Selsiasi. Yaani joto la mwili wako linatosha kukichemsha. Dunia iliijua etha kwa kazi nyingine: mwaka 1846 huko Boston, William Morton aliitumia kumlaza mgonjwa mbele ya madaktari ili apasuliwe bila maumivu. Hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuingia kwenye dashibodi za magari.

Sasa unganisha. Chukua kibalbu cha shaba ukubwa wa kidole, tia etha, kifunge. Kitolee kijibomba cha shaba chembamba sana, unene wa uzi wa nyavu, ambacho tundu lake la ndani hata sindano inakataa. Kipitishe ukutani mwa injini mpaka kwenye dashibodi na ukiunge na bomba la Bourdon ndani ya geji. Balbu inakaa kwenye maji ya silinda hedi. Maji yakipata moto, etha inachemka, mvuke wake unasukuma, bomba linanyooka, mshale unapanda. Hakuna waya. Hakuna betri. Unaweza kung'oa betri ukaitupa mtoni, geji bado itakwambia injini ina joto gani, kwa sababu ni injini yenyewe inayousukuma mshale kwa mkono wake.

Ukiangalia uso wa geji hizo utaona namba zake hazikupangwa sawasawa. Huku chini zimebanana, huku juu zimeachana. Fundi aliyechora hakuwa mlevi. Mvuke wa etha haupandi kwa hatua sawa. Kutoka nyuzi 40 mpaka 60 unaongeza shinikizo kama la hewa tunayovuta mara moja hivi, lakini kutoka 80 mpaka 100 unaongeza zaidi ya mara mbili ya hapo, na ukifika 100 unasukuma mara sita na zaidi ya hewa ya kawaida. Kwa hiyo sehemu ya hatari ndiyo inayosomeka vizuri kuliko zote. Ya mzee huyu imeandikwa kwa Farenhaiti, kuanzia 90 hivi. Etha inachemka kwenye Farenhaiti 94, basi haishangazi kwamba chini ya hapo mshale hauna la kusema.

Geji nyingi za magari ya Kiingereza zilitengenezwa na Smiths. Mwanzilishi wake, Samuel Smith, alikuwa muuza saa aliyefungua duka London mwaka 1851. Baadaye kampuni ikaingia kwenye vipimio vya magari na ndege, na kiwanda chake kikubwa kikawa Cricklewood, kaskazini-magharibi mwa jiji. Ukifungua geji ya Smiths ya zamani unaona kabisa ni kazi ya watu wa saa: vigurudumu vidogo, skrubu ndogo, kila kitu kinaweza kufunguliwa na kufungwa tena. Kwenye MGB za mwanzo duara moja lina mishale miwili, mmoja shinikizo la oili na mwingine joto la maji. Kwa hiyo ukilitupa kwa sababu joto limekufa, umetupa na oili iliyo nzima.

Halafu ukaja umeme. Michael Faraday aliona tangu 1833 kwamba kuna vitu, salfaidi ya fedha kwa mfano, ambavyo vikipata moto vinapitisha umeme kwa urahisi zaidi, kinyume cha waya wa kawaida. Zaidi ya miaka mia baadaye sifa hiyo ikawekwa kwenye kidude kidogo kinachofungwa kwenye injini na kutuma habari kwa waya mmoja. Kwa kiwanda ilikuwa neema. Waya haukatiki ovyo kama kijibomba, na gari linaunganishwa haraka. Upande wa dashibodi waliweka kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, kimezungushiwa waya. Umeme ukipita, kipande kinapata moto, kinapinda, kinasukuma mshale taratibu. Kwa sababu nguvu ya betri hupanda na kushuka, wakaongeza kisanduku kidogo kinachowasha na kuzima umeme haraka haraka ili geji ipate wastani wa volti 10. Fundi yeyote anayeshika Waingereza wa miaka ya 1960 na 1970 anajua ugonjwa wake: ukiona mshale wa petroli na mshale wa joto vinapanda pamoja kupita kiasi, usifungue injini, angalia kile kisanduku kwanza.

Mpaka hapo mshale ulikuwa bado unasema kweli, ingawa kwa kuchelewa kidogo. Uongo ulianza baadaye. Watengenezaji waligundua kwamba wateja wanaona mshale unapanda kidogo mlimani, wanakimbilia gereji kulalamika wakati gari halina kosa. Suluhisho lao likawa kuuzuia mshale usionekane ukitembea. Kwenye magari mengi ya kisasa kompyuta inapokea joto halisi, lakini mshale inauweka katikati palepale, maji yakiwa nyuzi 80 au yakiwa 100. Unapouona umeondoka katikati, shughuli imeshaanza kuharibika. Na magari mengi madogo hayana hata huo mshale. Yana taa mbili: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu mambo yakiwa yameharibika. Katikati ya bluu na nyekundu huna unachojua.

Hii ndiyo sababu ya pili niliyosema. Shemeji yetu wa Iringa, aliyekuwa anabeba mboga kwa kigari chake kidogo cha Kijapani, injini yake ilikufa mlima Kitonga kwa namna hiyo. Bomba la chini la rejeta lilipasuka, maji yakamwagika yote ndani ya dakika chache. Taa nyekundu haikuwaka mpaka injini ilipoanza kugonga. Watu walimlaumu kwamba hakuangalia dashibodi. Jamani, aliangalia. Kile kidude cha kupima joto kinapima kinachokigusa. Kikiwa kwenye maji kinapima maji. Maji yakiisha kinabaki kwenye hewa, na hewa haipeleki joto kwa kasi ile, kwa hiyo kinaweza kukuonyesha kwamba kuna baridi huku chuma pembeni yake kinaungua. Geji ya etha nayo ina udhaifu huo huo, sitaki kuwadanganya. Ila tofauti ipo. Mwenye mshale wa kweli, anayejua kwamba kwenye mlima ule mshale wake hufika mahali fulani, akiuona unapanda kupita hapo, au unashuka ghafla bila sababu, anajua kuna jambo na anasimama. Mwenye taa hana cha kulinganisha.

Na kwa mafundi wetu wenye tabia ya kung'oa themostati na kuitupa wakisema huku kwetu ni joto haihitajiki: injini inayokwenda ikiwa baridi siku zote inakula mafuta na inajila yenyewe. Mshale unabaki chini, mteja anafurahi, injini inakwisha. Nimesema.

Turudi kwa mzee. Geji yake ilivunjwa na gereji moja ya mbali walipokuwa wanatoa injini. Nati inayoshikilia balbu kwenye silinda hedi hugandamana na kijibomba kwa kutu na chokaa ya miaka mingi. Ukiifungua kwa pupa, nati inazunguka na kijibomba kinazunguka nayo, zungusha mara mbili tu kinakatika shingoni. Etha inatoka, unasikia harufu ile tamu sekunde chache, basi, mshale umekufa. Namna ya kuokoa balbu iliyogandamana ni uvumilivu: mafuta ya kupenyeza, siku mbili tatu, washa injini ipate moto, iache ipoe, rudia. Kisha unaifungua nati robo unarudisha robo huku mkono mwingine umeshikilia kijibomba kisifuatane nayo. Wale hawakuwa na muda huo.

Mzee alikuwa na njia nne. Kununua mpya: kuna kiwanda kule Wales kinachotengeneza hadi leo geji zenye jina la Smiths, nzuri tu, lakini uso wake, wino wake na pete yake ni vya jana, na vikikaa kando ya vingine vya 1965 vinaonekana kama jino la bandia. Kupeleka kwa mabingwa: wapo hapa Uingereza watu wachache wanaojaza etha upya na kubadili kijibomba. Kazi yao ni safi, foleni yao ni ndefu na wengi wao ni wazee. Ya tatu ni kuweka matumbo ya umeme ndani ya uso wa zamani, na hiyo ndiyo aliyoitaka mwanawe, kwa hoja kwamba etha ni hatari na baba amezeeka. Hoja si mbaya. Mimi ningeikubali kwenye gari la kwenda kazini kila siku. Lakini mzee alijibu kwamba hataki mshale unaongoja umeme wa Lucas ili useme ukweli. Kwa wasiojua, Lucas ndiyo waliokuwa wanatengeneza vifaa vya umeme vya magari ya Kiingereza, na utani juu yao haujaisha mpaka leo.

Ikabaki ya nne, njia ya mafundi wa zamani. Unanunua geji mpya ya bei ndogo, ya etha, yenye balbu na kijibomba kizima. Unaitoa kafara. Balbu yake na kijibomba chake unaviunga kwenye uso wa geji ya zamani.

Mtu atauliza, sasa vipimo si vitapishana? Hapa ndipo uzuri wa mpango huu ulipo. Shinikizo la mvuke wa etha linategemea joto peke yake. Halijali balbu ni kubwa au ndogo, wala etha ni kijiko kimoja au viwili, mradi limebaki tone ambalo halijawa mvuke. Etha ya 1965 na etha ya kiwanda cha leo zikiwa kwenye maji ya nyuzi 90 zinasukuma sawasawa. Kwa hiyo uso wa zamani unaisoma balbu mpya bila kujua kwamba imebadilishwa.

Tatizo ni moja: ukikata kijibomba etha inakimbia. Dawa yake ni barafu na chumvi. Unaponda barafu, unachanganya na chumvi ya kutosha kwenye beseni, mchanganyiko unashuka mpaka nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na unaizika balbu humo nusu saa. Etha haigandi, hiyo inahitaji baridi ya nyuzi 116 chini ya sifuri, lakini inatulia, haina nguvu ya kutoka. Na hapa nilicheka peke yangu kule bandani. Daniel Fahrenheit, alipoeleza kipimo chake mwaka 1724, sifuri yake aliipata kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. Yaani uso wa geji ya mzee umeandikwa kwa namba za Fahrenheit, na ili kuuponya nimelazimika kurudi kwenye beseni la Fahrenheit.

Kazi yangu ya kila siku ni karakana ya mabasi, na bado sikuifanya hii kwa mzaha. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na unawaka wenyewe ukifika nyuzi 160 hadi 180, wakati chuma cha kulehemu kina zaidi ya 300. Kwa hiyo hakuna moto wa gesi, hakuna sigara, hakuna kufanyia ndani. Tulikwenda uani, siku ya upepo, balbu ikiwa mbali na mahali pa kuunga kwa urefu wote wa kijibomba. Nilikuwa nimeshasafisha ncha zote na kuvalisha upande wa geji ya zamani kikola cha shaba cha milimita ishirini. Nikakata, nikachomeka ndani ya kikola, nikaweka risasi ya kulehemu kidogo kila upande, kwa haraka. Ukizidisha risasi inaingia kwenye tundu na kuliziba, na umemaliza kafara yako bure. Kazi nzima ya kukata na kuunga haikufika dakika mbili. Maandalizi yalichukua Jumamosi mbili. Mzee alisimama kando na ndoo ya mchanga, kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Tukaitoa balbu kwenye barafu, tukangoja ifikie joto la hewa, kisha tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kwake pamoja na kipimajoto cha kupikia. Mshale ulikaa chini kimya mpaka maji yalipokuwa vuguvugu, kisha ukaanza kupanda, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa hatua ndefu kadiri namba zinavyoachana. Kwenye 190, ambayo ni nyuzi 88 hivi za Selsiasi, kipimajoto na geji vilikubaliana. Maji yalipochemka mshale ukasimama kwenye 212 na haukutikisika. Hewa kidogo iliyoingia wakati wa kukata haikuharibu kitu. Tukaiacha usiku kucha ikiwa imeshuka hadi chini, asubuhi tukairudia, majibu yale yale. Sasa imerudi kwenye gari, kijibomba kimekunjwa duara tatu legevu karibu na ukuta wa injini ili mtikisiko usikikate, na chini ya nati nimeweka mafuta mazito ili atakayeifungua miaka ishirini ijayo asivunje tena.

Kwa shemeji na wengine wenye vigari vya taa mbili: geji kama ile niliyoitoa kafara si kitu cha ajabu, ulizeni kwa wauza vipuri, iwe ya kijibomba au ya umeme mradi ina namba, na fundi aifunge balbu kwenye silinda hedi au karibu nayo, isiwe kwenye bomba la chini la rejeta ambako maji yameshapoa. Na mkiijaribu sufuriani kama tulivyofanya sisi, msishtuke kwamba maji yamechemka na mshale haujafika 212. Hapa Oxford tuko karibu na usawa wa bahari. Iringa mko juu zaidi ya mita 1,500, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ambazo ni Farenhaiti 203. Mshale ukisimama hapo, geji ni nzima.